Ukurasa wa Majaribio: Jinsi ya Kutambua Kasoro ya Printa

Huko Laetoli, wilayani Ngorongoro, nyayo zilizohifadhiwa katika majivu ya volkeno kwa miaka ipatayo milioni 3.6 huwaeleza wataalamu namna viumbe waliozikanyaga walivyotembea. Chapa iliyo juu ya karatasi nayo hueleza hali ya mashine iliyoipiga. Huo ndio msingi wa ukurasa wa majaribio.

Kutoka Kakesio, katika wilaya hiyohiyo, msafiri hupita Endulen na ukingo wa kreta kabla ya kufika Karatu. Mwalimu wa huko ambaye mtihani wake unangoja kuchapwa hana budi kujua kasoro iko wapi kabla ya kubeba printa safari yote hiyo.

Katika kompyuta za Linux, ambayo ni programu huria, yaani kila mtu anaruhusiwa kuichunguza na kuirekebisha, uchapaji husimamiwa na mfumo uitwao CUPS. Mfumo huo ulianzishwa na Michael Sweet mwaka 1997 na kutolewa mwaka 1999. Kompyuta hutuma maelezo ya ukurasa. Kisha programu maalumu huyatafsiri yawe lugha ya printa. Mwishowe printa huyageuza kuwa nukta. Kwa nukta 300 katika kila inchi, karatasi ya A4 huwa na nafasi za nukta karibu milioni 8.7.

Kila mchoro wa ukurasa wa majaribio una kazi yake. Fremu huonyesha mipaka ya uchapaji: ikikatika au ikiacha pengo kubwa chini, huenda kompyuta imechaguliwa karatasi ya Kimarekani yenye urefu wa milimita 279, badala ya A4 yenye milimita 297. Rangi hupima wino: mistari myeupe ndani yake huashiria kuwa matundu ya wino yameziba. Herufi zisizosomeka huonyesha kuwa printa imepelekewa lugha isiyoielewa.

Katika printa ya leza, doa linalojirudia kwa umbali ulio sawa hutokana na mche wa duara wenye kasoro. Umbali huo ndio mzingo wake. Mathalani, ukiwa milimita 94.2, gawanya kwa 3.14, kipenyo cha mche unaotafutwa ni milimita 30.

Jaribio la mwisho ndilo huamua. Printa nyingi huweza kuchapa ukurasa wao zenyewe bila kompyuta. Ukurasa huo ukitoka safi, na ule wa kompyuta ukatoka na kasoro, basi mtambo wa kuchapia ni mzima. Ichunguzwe waya, mipangilio au programu ya tafsiri. Zote mbili zikiwa na kasoro ileile, yaelekea ugonjwa umo ndani ya printa, nayo ndiyo ya kupelekwa kwa fundi.

Hivyo karatasi moja, ikisomwa kwa makini, yaweza kuokoa safari nzima ya Karatu.