Mzito wa masikio aliyepata nishani ya ushujaa
JE, msomaji, ungemkabidhi ulinzi wa kambi mtu mzito wa masikio? Luteni Gonville Bromhead, wa kikosi cha 24 cha askari wa miguu wa Uingereza, alikuwa na kasoro hiyo. Hata hivyo, Januari 22, 1879, huko Rorke's Drift, Natal, yeye na Luteni John Chard waliongoza watu wapatao 150 kuwazuia maelfu ya wapiganaji wa Kizulu usiku kucha. Alitunukiwa Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa nchini mwake. Aliaga dunia India mwaka wa 1891 kutokana na homa ya matumbo, akiwa na umri wa miaka 45.

Lakini usisahau: mamia ya Wazulu waliouawa hapo hawakupata nishani, ilhali ni Uingereza iliyokuwa imeuvamia ufalme wao siku 11 tu kabla.