Kwa Nini Dawa ya Kifua Kikuu Hunywewa Miezi Sita

Leo nataka kuwaeleza habari ya kifua kikuu, na hasa neno moja liwashindalo wagonjwa wengi, nalo ni urefu wa matibabu yake.

Kila aliyefika Tunduma ameona malori yakijipanga barabarani, yakingoja zamu ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Madereva na utingo wao hulala ndani ya malori hayo, vioo vimepandishwa kwa ajili ya baridi. Wenyeji huwauzia chakula, huwabadilishia fedha, huwapangishia vyumba. Mahali kama hapo, penye watu watokao mbali na kulala katika hewa iliyofungwa, ugonjwa uenezwao kwa pumzi haukosi njia.

Tuseme dereva mmoja amekohoa majuma matatu, amekonda, na usiku hutoka jasho hata shuka hulowa. Aenda hospitali, makohozi yake yapimwa, naye aambiwa kwamba ana kifua kikuu. Apewa dawa nne pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Hizo atazinywa zote miezi 2, kisha ataendelea na zile mbili za kwanza miezi 4 mingine. Lakini miezi ile miwili haijatimia vema, kikohozi kimekoma, mwili umerudi, chakula chamwonjea vizuri. Safari yamwita. Asema moyoni mwake, “Mimi nimepona, dawa za nini tena?” Wala si mjinga kwa kusema hivyo, kwa maana mwili wake mwenyewe ndio unaomshuhudia. Ila mwili katika jambo hili hutoa ushahidi wa uongo, na namna madaktari walivyoutambua uongo huo ndiyo habari yangu ya leo.

Kijidudu cha ugonjwa huu, ambacho Robert Koch wa Ujerumani alikitangaza mwaka 1882, ni kivivu mno. Wako vijidudu ambao hugawanyika kila dakika 20 wakipata chakula. Hiki huhitaji karibu siku nzima. Tena si vyote vikuavyo kwa wakati mmoja. Vingine hulala tu ndani ya mapafu. Mkulima wa Mbozi afahamu jambo hili bila kufundishwa. Apalilia shamba lake la mahindi, magugu yaliyochipua yakauka juani, shamba laonekana safi. Lakini mbegu za magugu zimo udongoni, zangoja mvua. Isoniazidi ni kama jembe: katika siku chache za kwanza huua vijidudu vingi vile vinavyokua. Rifampisini na pirazinamidi ndizo zinazoweza kuvifikia vile vilivyolala, nazo hufanya kazi hiyo polepole.

Shida ni kwamba vilivyolala hufichika. Makohozi yaweza kuwa safi chini ya hadubini, na picha ya kifua ikapendeza, navyo vimo. Daktari atajuaje basi kwamba vimekwisha? Hana njia ila kuacha dawa na kungoja aone kama ugonjwa utarudi. Na tena haitoshi kumngoja mgonjwa mmoja. Lazima awe na mamia, na awalinganishe kwa haki.

Neno hili la haki lataka maelezo. Mtu akitaka kujua kama mbegu mpya ya mahindi inaishinda ya zamani, kisha akapanda mpya bondeni penye unyevu, na ya zamani kilimani penye mawe, mavuno yatamdanganya. Vivyo hivyo daktari akichagua mwenyewe nani apewe dawa mpya, huenda bila kukusudia akawapa wenye nguvu, au akawapa wale anaowahurumia. Kwa hiyo hupigwa kura. Kura haimjui mnene wala mwembamba, tajiri wala maskini, na makundi yatokayo katika kura, watu wakiwa wengi, hufanana.

Jaribio la namna hiyo lililopata sifa kuu lilitangazwa Uingereza mwaka 1948, na dawa iliyopimwa ilikuwa streptomisini. Wagonjwa walikuwa 107. Wale 55 walipewa dawa na kulazwa kitandani. Wale 52 walilazwa tu, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Dawa yenyewe ilikuwa haba, haikuweza kuwatosha wote. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu, kwa kuwa vijidudu vya wagonjwa wengi vilipata usugu, dawa ikawa haivitishi tena. Hapo madaktari wakajifunza kutoa dawa zaidi ya moja kwa pamoja, ili kijidudu kikiikwepa hii kiangukie ile. Nayo matibabu yakawa ya mwaka mmoja na nusu, au zaidi.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1970 hospitali za Afrika Mashariki, zikishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, zilianza kuuliza kama miezi 18 yaweza kupunguzwa iwe 6. Wagonjwa waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa matibabu ya miezi 18, na wengine matibabu mbalimbali ya miezi 6. Na ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1972. Nawaomba msikilize vizuri hapa. Miezi 6 ilipokwisha, makohozi ya karibu wagonjwa wote yalikuwa safi, katika kila kundi. Mtu angewatazama siku ile angesema kwamba dawa zote ni sawa. Lakini walipoacha dawa na kungojewa, tofauti ikatokea. Katika wale waliopewa streptomisini na isoniazidi peke yake, zaidi ya robo waliugua tena. Katika wale walioongezewa rifampisini, waliougua tena walikuwa wachache sana, karibu sawa na wale wa miezi 18. Basi miezi 6 tuliyo nayo leo haikutungwa na karani mezani. Ilipatikana katika vitanda vya wagonjwa wa nchi hizi.

Watu wakauliza tena: kama 6, mbona isiwe 4? Katika jaribio jingine wagonjwa wa Mbeya, mwendo wa saa chache kutoka Tunduma, walikuwa na sehemu yao. Huko kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambacho kwa miaka mingi kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Munich. Wagonjwa 1,931 wa nchi mbalimbali, na wa Mbeya na Moshi wakiwamo, walijaribiwa dawa iitwayo moksifloksasini kwa miezi 4. Dawa hiyo ilisafisha makohozi upesi kuliko zile za desturi, hata wengi wakatumaini. Majibu yalipotangazwa mwaka 2014, waliofanikiwa kwa matibabu ya kawaida ya miezi 6 walikuwa 92 katika kila 100. Kwa miezi 4 walikuwa 85 katika kundi moja na 80 katika jingine. Ugonjwa uliwarudia wengi mno. Kusafisha upesi, kumbe, si kumaliza.

Nimepata kusikia watu wakinong'ona kwamba kuingia katika jaribio ni kufanywa panya. Hofu hiyo siidharau, kwa maana ziko nchi ambazo madaktari wa zamani waliwatendea watu vibaya kwa jina la elimu. Kwa hiyo siku hizi jaribio halianzi mpaka limepata kibali cha kamati ya maadili. Mgonjwa huelezwa kwa lugha aijuayo, huulizwa kama anakubali, na aweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake. Asipoelezwa, na aulize. Akiona hajibiwi, na akatae.

Kazi haikuishia katika kushindwa. Mwaka 2021 yalitangazwa majibu ya jaribio la watu 2,516, wengine wao wa Kenya na Uganda, ambamo rifapentini pamoja na moksifloksasini na dawa nyingine mbili kwa miezi 4 zilifanya kazi sawasawa na matibabu ya miezi 6. Mwaka 2022 yakafuata ya watoto 1,204 wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India: mtoto ambaye ugonjwa wake si mkali aweza kutosheka na miezi 4. Lakini hayo ni kwa dawa zile na kwa wagonjwa wa namna ile. Dereva wetu aliyepewa dawa za miezi 6 hawezi kuyachukua majibu ya mwenziwe na kuacha njiani. Analoweza ni kumwambia mhudumu wa kifua kikuu, kabla ya kuwasha gari, kwamba asafiri kwenda wapi na atarudi lini, ili apangiwe dawa za njiani au apewe barua ya kituo kingine. Katika vituo vya serikali dawa hizo hazilipiwi.

Limebaki swali moja ambalo halijakwisha. Wako watu waliomaliza dawa zote, makohozi yao ni safi kweli, na bado hutweta wakipanda kilima au wakibeba ndoo ya maji. Mbeya imeshiriki pamoja na Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini katika utafiti uwafuatao watu hao, wakipuliza katika mashine ipimayo nguvu ya pumzi, na imeonekana kwamba wengi wana mapafu yaliyopungua nguvu, kwa makovu aliyoyaacha ugonjwa. Kadiri mtu anavyochelewa kupimwa, ndivyo ugonjwa unavyopata nafasi ya kula pafu. Mtu wa namna hiyo akikosa pumzi, asidhani mara moja kwamba kifua kikuu kimerudi, wala asinyamaze. Na arudi kituoni makohozi yake yapimwe upya, na pumzi yake nayo ipimwe.