Kiinimacho na Simu Janja

Kiswahili kina maneno zaidi ya moja ya kuitaja kazi ya mtu anayewaonyesha wenzake mambo yasiyowezekana kwa ajili ya kuwafurahisha. Lililo wazi kuliko yote ni kiinimacho. Ndani yake mna kiini na mna macho, na kwa umbo lake neno hili laiweka ajabu mahali pake hasa: si mkononi mwa mchezaji wala katika chombo chake, bali katika jicho la mtazamaji. Mazingaombwe, neno la pili, lina mwanzo unaofanana na zinga, kitenzi cha zamani chenye maana ya kuzunguka, ambacho leo chajulikana zaidi kwa jamaa zake kama zingira na mzingo. Mizungu nayo yachukua maana mbili: ni vitendo vya werevu vya kushangaza, na tena ni mafunzo ya siri wapewayo wari katika unyago.

Maneno haya yakiwekwa kando ya uchawi na uganga, tofauti yaonekana mara moja. Mchawi na mganga husemwa kuwa na nguvu. Mfanya kiinimacho husemwa kuwa na siri. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Katika nchi ambazo tuhuma ya uchawi imewagharimu watu maisha yao, na ambazo ziliitungia sheria mapema, Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, mwanamazingaombwe ahitaji sana watazamaji wake wajue kwamba alicho nacho ni siri tu, ya kufundishika na ya kufanyiwa mazoezi.

Katika miaka hii siri hiyo imeanza kuhama. Tangu App Store ya Apple ilipofunguliwa mwaka 2008, zimetokea programu za simu zilizotengenezwa makusudi kwa wanamazingaombwe. Moja hujifanya kikokotoo cha kawaida, lakini hesabu yoyote itakayopigwa huishia katika namba iliyotiwa humo mapema. Nyingine huonyesha kiooni karata aliyoitaja mtazamaji, kana kwamba picha hiyo ilikuwapo tangu asubuhi. Nyingine tena humpelekea mchezaji kwa siri neno ambalo mtazamaji amelitafuta katika intaneti. Wako mabingwa walioijenga sanaa yao juu ya vyombo hivi kwa ustadi mkubwa: Marco Tempest wa Uswisi, aliyetumia iPod tatu katika hotuba yake ya TED ya mwaka 2011, na Simon Pierro wa Ujerumani, ajulikanaye kwa viinimacho vya iPad. Watu kama hao hawahusiki sana na hoja ya makala haya, kwa sababu kwao chombo ni sehemu ya tamthilia iliyotungwa na kurudiwa mara nyingi. Anayehusika ni yule anunuaye programu asubuhi na kuionyesha jioni, akidhani kuwa amenunua kiinimacho.

Hatari ya kwanza ni ya chombo chenyewe, nayo haihitaji maneno mengi. Betri huisha. Ukumbi wenye simu mia kadhaa huyasonga mawasiliano ya mtandao, na programu ingojayo ishara hungoja bure. Ujumbe wa M-Pesa hutokea kiooni katikati ya kimya ambacho mchezaji amekijenga kwa dakika kumi. Tena programu si mali ya mwenye kuinunua kama karata zilivyo mali yake. Mwezi Septemba 2017 Apple ilipotoa iOS 11, programu zote zilizoandikwa kwa mfumo wa biti 32 ziliacha kufanya kazi katika simu zilizopokea mfumo huo mpya, na ambaye mtungaji wa programu yake hakuiandika upya aliamka akiwa hana kiinimacho. Mtungaji naye hana budi kulipa ada ya dola 99 kila mwaka ili programu yake ibaki dukani. Akichoka au akifa, imekwisha.

Wala si jambo jipya kwamba asiyeonekana aweza kuingia kati ya ishara na mpokeaji wake. Mwezi Juni 1903, katika ukumbi wa Royal Institution huko London, John Ambrose Fleming alikuwa akieleza simu ya upepo ya Marconi, naye Marconi akingoja Cornwall kupeleka ujumbe wa kuthibitisha. Kabla ya ujumbe huo kufika, chombo cha ukumbini kilianza kugonga, kikirudia rudia neno la Kiingereza lenye maana ya panya. Aliyelipeleka alikuwa Nevil Maskelyne, mwanamazingaombwe, aliyetaka kuonyesha kwamba ujumbe wa Marconi haukuwa na faragha iliyodaiwa. Inafaa kukumbukwa kwamba aliyeaibishwa siku ile ni mtaalamu wa umeme, na aliyeaibisha ni mtu wa viinimacho. Leo mambo yaelekea kugeuka.

Hatari ya pili ni kubwa kuliko hiyo, kwa maana yatokea hata chombo kinapofanya kazi bila kosa lolote. Mfano wake bora ni wa Robert-Houdin, fundi saa wa Ufaransa, aliyefungua ukumbi wake wa maonyesho Paris mwaka 1845. Alikuwa na sanduku ambalo mtoto aliweza kulinyanyua, kisha kwa amri yake mtu mzima alishindwa hata kulisogeza. Siri yake ilikuwa sumaku ya umeme iliyofichwa chini ya jukwaa. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria ili awaonyeshe wenyeji kwamba Wafaransa wana nguvu kuwashinda mashehe wao, na kwa mujibu wa maandishi yake mwenyewe, mtu mwenye misuli alilivuta sanduku hilo mbele ya umati mpaka akatupwa na mshtuko wa umeme. Ni kisa kisichosomeka leo bila uchungu, kwani hapo kiinimacho kiliazimwa kufanya kazi ya uchawi, na kazi ya utawala juu yake. Lakini kwa hoja iliyopo, la maana ni hili: elimu ya sumaku ya umeme ilipoanza kuenea Ulaya, Robert-Houdin alilazimika kubadili namna ya kulionyesha sanduku lile. Siri haikuwa imefichuliwa na mtu yeyote. Watazamaji walikuwa wamepata neno tu, na neno lilitosha.

Simu janja yaanza pale ambapo sanduku la Robert-Houdin liliishia. Hakuna mtazamaji asiye na simu mfukoni, wala asiyejua neno programu. Anapoona karata yake ikitokea kiooni, hana haja ya kujua imefikaje; husema, "Ah, ni programu," na mambo yamekwisha. Pengine si kweli. Pengine mchezaji alifanya kazi yote kwa wepesi wa vidole, na simu ilikuwa pambo. Hilo halibadili kitu. Juan Tamariz, bingwa wa Uhispania, ameieleza hali hii katika kitabu chake La vía mágica: akili ya mtazamaji hutafuta njia ya kutokea, na mchezaji hana budi kuziziba njia zote, hata zile za uongo, kabla ya kufika mwisho. Njia ya uongo isiyozibwa huua ajabu sawasawa na njia ya kweli. Mtu atoaye simu mfukoni ameifungua njia pana kuliko zote kabla hajasema neno.

Kiswahili kilikuwa na neno jingine lililofanya kazi hiyo hapo kale, nalo ni dawa. Kwa kuwa dawa ni ya homa, ya mbu, ya viatu na ya mapenzi, kusema "ana dawa" kulikuwa kueleza kila kitu bila kueleza chochote. Programu yarithi cheo hicho, ila kwa tofauti moja: mwenye dawa aliogopwa au aliheshimiwa, ambapo mwenye programu hudhaniwa kuwa amenunua tu.

Kinachopotea hapo ni chombo cha zamani zaidi cha mwanamazingaombwe, yaani lugha. Asiyeijua kazi hii hudhani maneno ya mchezaji ni ya kuchangamsha tu. Sivyo. Mara nyingi maneno ndiyo siri yenyewe, na Kiswahili chafaa sana kwa kazi hiyo. Chukua kitenzi toa. Mtu hutoa sadaka na hutoa mahari, akimaanisha kuleta mbele kilicho bora; tena hutoa mwiba na hutoa taka, akimaanisha kuondoa kisichotakiwa. Basi mchezaji aweka karata mbili mezani, zimefunikwa, naye ajua kuwa aitaka ile saba ya kopa. Amwambia mtazamaji, "Bwana, toa moja." Mtazamaji akiisukuma mbele saba ya kopa, mchezaji humwambia, "Vema, hiyo ndiyo uliyotoa, ishike." Akiisukuma nyingine, mchezaji huiweka kando bila haraka na kusema, "Vema, hiyo imetoka, imebaki hii." Kwa vyovyote mtazamaji ataapa kwamba alichagua mwenyewe. Lau mchezaji angesema chagua au ondoa, hila isingewezekana, kwa kuwa vitenzi hivyo vina uso mmoja tu.

Mfano mwingine watokana na herufi. Mtazamaji aombwa kumfikiria mnyama mmoja kati ya sita: simba, tembo, twiga, chui, nyati na fisi. Mchezaji asema polepole kwamba aona herufi i. Akikataliwa, mnyama ni tembo, na kukataliwa kwenyewe hugeuzwa kuwa mzaha. Akikubaliwa, ataja a. Pasipo na a wamebaki chui na fisi, na herufi f yawatenga. Penye a, ataja t: asiye na t ni simba, na kati ya twiga na nyati, w yamaliza kazi. Maswali ni manne kwa wingi, nayo yote yavaa sura ya maono. Sasa programu nyingi za kusoma mawazo zimejengwa juu ya ngazi za namna hii hii, lakini kwa majina ya Kiingereza. Ngazi hiyo haitafsiriki. Mpangilio wa herufi ni mali ya lugha moja, na mchezaji wa Mombasa au Tabora atumiaye programu hiyo hulazimika kuwaomba watazamaji wake wafikiri kwa Kiingereza, jambo ambalo peke yake lawaambia kuwa yupo mtu wa tatu katika mchezo. Hata karata zenyewe huwasaliti: kopa, shupaza, uru na pau ni majina yaliyotoka kwa Wareno na kukaa kwenye majamvi ya pwani kwa karne nyingi, lakini kioo cha simu hakiyajui.

Pana jambo la mwisho, linalomhusu mtazamaji kuliko mchezaji. Baadhi ya programu hizi hufanya kazi kwa kumwelekeza mtu afungue ukurasa fulani katika simu yake mwenyewe na kuandika humo anachokifikiri: jina la mchumba wa kwanza, pengine, au namba ya siri. Ukurasa huo waonekana wa kawaida, lakini kiandikwacho hupita katika kompyuta ya mtungaji wa programu kabla ya kumfikia mchezaji. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 kuhusu ulinzi wa taarifa za watu zataka mtu ajulishwe taarifa zake zinapokusanywa. Mwanamazingaombwe hawezi kumjulisha mtu kabla ya mchezo bila kuuharibu, na baada ya mchezo hawezi kusema kwa hakika taarifa zile zimehifadhiwa wapi, kwa sababu hajui. Wazee wa kazi hii walitumia kipande cha karatasi na kalamu ya risasi. Mtu aliandika, karatasi ikakunjwa, ikachanwa mbele ya macho yake, na siri ya kulisoma neno ilikuwa katika kule kuchana. Kisha vipande vilichomwa katika kisahani, na hapakubaki nakala yoyote.