Pumzi Nzito Isiyo na Kikohozi

Mtoto ana homa, siku ya pili sasa. Usiku anaanza kuhema. Kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu, tundu za pua zinatanuka, lakini hakohoi wala kifua hakikoromi. Jirani anasema ni baridi imeingia kifuani. Baba anatoka kwenda duka la dawa kutafuta dawa ya kikohozi. Yawezekana kabisa kwamba mapafu ya mtoto huyu ni mazima, na yanahangaika kuitoa tindikali iliyozidi kwenye damu.

Damu ya binadamu ina ualkali kidogo. Kwenye kipimo cha pH hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Tofauti huonekana ndogo kwa namba, kumbe pH ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.1 tu, tindikali katika damu imeongezeka maradufu. Ikienda chini ya 6.8, wanaopona ni wachache mno. Na kila siku, tukila, tukitembea, hata tukilala, miili yetu inazalisha tindikali. Sehemu kubwa hutokana na kaboni dayoksaidi, nayo mapafu huitoa kwa kila pumzi. Iliyobaki hupunguzwa makali na bikaboneti iliyomo katika damu, kisha figo huitoa kwa mkojo na kutengeneza bikaboneti mpya. Mapafu hujibu kwa dakika chache. Figo huchukua saa nyingi, hata siku mbili tatu. Ndiyo maana tindikali ikipanda ghafla, kifua ndicho kinachotangulia kutoa habari.

Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliieleza pumzi hiyo mwaka 1874 kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakielekea kupoteza fahamu: pumzi ya kina, nzito, isiyotulia. Insulini ikikosekana, mwili hushindwa kutumia sukari, ukaanza kuchoma mafuta, na humo hutoka ketoni ambazo ni tindikali. Kussmaul hakuwa na tiba ya kuwapa. Insulini ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1922. Sisi tunayo, na bado kuna vijana wanaopoteza maisha kwa sababu kutapika, kuumwa tumbo na kuhema kwao kulidhaniwa kuwa malaria. Jambo hili linauma, maana kipimo cha sukari kinahitaji tone moja la damu ya kidole.

Malaria kali nayo huleta pumzi ileile kwa njia yake. Vimelea huziba mishipa midogo, damu hupungua, na viungo vilivyokosa oksijeni huzalisha asidi ya laktiki. Mwaka 1995, Kevin Marsh na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 1,800 waliolazwa kwa malaria Kilifi, pwani ya Kenya. Dalili mbili ndizo zilizowabainisha waliokuwa katika hatari ya kufa: kupungukiwa na fahamu, na kupumua kwa shida. Zote mbili mama mzazi anaweza kuziona kwa macho yake.

Kumimina maji mengi kwa haraka kwenye mshipa si jibu la kila mtoto wa namna hii. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukatangazwa mwaka 2011, ulihusu watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Katika saa 48 za kwanza, waliomiminiwa maji haraka walikufa takriban 11 kati ya kila 100. Wasiomiminiwa hivyo, 7. Chanzo cha tindikali ndicho kinachopaswa kutibiwa.

Watoto wanaoharisha hawakuwamo katika utafiti huo, nao habari yao ni nyingine. Kinyesi cha majimaji huondoka na bikaboneti nyingi, kwa hiyo mgonjwa wa kipindupindu aliyeishiwa maji huweza kuhema vivyo hivyo. Pakiti ya ORS ina gramu 2.9 za sitreti kwa kila lita ya maji, na mwili huigeuza sitreti hiyo kuwa bikaboneti. Maji ya chumvi na sukari tunayokoroga nyumbani hayana kitu hicho. Yanafaa pakiti isipopatikana. Ikipatikana, tumia pakiti.

Kuhusu maji ya alkali yanayouzwa kwa bei ya juu ati yanaondoa tindikali mwilini, mwenye figo na mapafu mazima hana haja nayo. Yakifika tumboni hukutana na asidi kali ya kusaga chakula, na ualkali unaozidi hutolewa kwa mkojo. Fedha hiyo inunue pakiti za ORS, ziwekwe kabatini.

Nawasihi wazazi na walezi: mkimwona mtoto au kijana anahema kwa kina bila kikohozi, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, mtaje hali hiyo mara mnapofika, na muombe apimwe malaria na sukari, vyote viwili.