Barabara Ilipomhama Mpishi



Kabla ya Nairobi, Machakos ndio uliokuwa makao ya Waingereza huku bara, na misafara iliyotoka Mombasa ilipumzika hapo na kununua chakula. Reli ilipojengwa ilipita kando, na mwaka 1899 makao ya utawala yakahamishiwa Nairobi. Ndiyo tabia ya njia: humletea mtu wateja, kisha huwahamisha bila ya kumwuliza.

Tumeukumbuka mji huo kwa kuyatazama maisha ya Harland Sanders, Mmarekani aliyeanzisha Kentucky Fried Chicken, mikahawa ya kuku iliyofika Nairobi mwaka 2011. Hakuwa wa dini yetu, wala hatuandiki kukisifu chakula chake, tunazingatia yaliyomfika.

Alizaliwa mwaka 1890. Baba yake alifariki yeye angali mtoto. Mama akaenda kufanya kazi, naye akabaki kuwapikia wadogo zake. Ustadi wake ulianzia katika meko ya mjane. Mwaka 1930, mjini Corbin, aliuza petroli kando ya barabara na kuwalisha wasafiri mezani pake mwenyewe, hata mkahawa ukasimama. Kisha ikaja habari ya barabara kuu mpya itakayouacha mji pembeni. Mwaka 1956 mkahawa ukapigwa mnada, madeni yakalipwa, naye katika uzee wake akabakiwa na pensheni ndogo.

Hakukaa kuililia barabara. Alipakia sufuria na viungo garini, akawaendea wenye mikahawa na kuwapikia. Aliyeridhika alimlipa senti chache kwa kila kuku aliyeuzwa. Siku nyingine alilala humo garini. Mkewe, Claudia, alichanganya viungo nyumbani na kuvituma. Mwaka 1964, mikahawa ikiwa imepita 600, aliiuza kampuni kwa dola milioni 2.

Enyi kina mama, wako miongoni mwetu waliovunjiwa vibanda vya mahamri, na ambao waume zao wamepoteza ajira. Huzuni hiyo si ndogo, wala hatumwahidi mtu mamilioni. Lakini mnada wa Corbin ulichukua kuta na meza; haukuuchukua mkono ujuao kupika. Machakos nao haukufa: leo ni makao ya kaunti. Mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu, na barabara ni sababu moja tu miongoni mwa sababu Zake. Basi tuwafunze wana wetu, wa kike na wa kiume, kazi ya mikono wangali wadogo.

Wabillahi tawfiq.