ERP: kwa nini malipo ya mzabuni hukwama

MFANYABIASHARA wa Samuye, wilayani Shinyanga, anayepeleka mchele au dengu kwa mnunuzi mkubwa wa ukanda wa dhahabu, aghalabu hukutana na kompyuta ya mnunuzi kabla hajanunua ya kwake. Mzigo umepokelewa, wapishi wameshaanza kuupika, lakini fedha hazitoki. Akiuliza, huambiwa kuwa mfumo umekataa. Jibu hilo linaudhi, ila mara nyingi ni la kweli.

Mfumo wenyewe hujulikana kwa herufi ERP. Ni programu inayounganisha ununuzi, stoo, mauzo, mishahara na uhasibu mahali pamoja, badala ya kila idara kushika daftari lake. Kampuni ya SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972, ndiyo iliyovuma zaidi kwa kuuza programu za aina hiyo.

Afisa ununuzi anapotoa LPO, kiasi na bei huingizwa kwenye programu. Mzigo ukifika, mtunza stoo huingiza uzito alioupima mwenyewe. Ankara ikija, programu hulinganisha vitu hivyo vitatu. Tuseme LPO ni ya magunia 50 ya mchele, kilo 100 kila moja, kwa sh. 2,000 kwa kilo. Jumla ni sh. milioni 10. Mizani ya stoo ikisoma kilo 4,940 na ankara ikadai kilo 5,000, ugomvi ni wa sh. 120,000 tu. Mhasibu wa zamani angekata tofauti hiyo kwa kalamu na kulipa. Programu, kama tofauti imezidi kiwango kilichoruhusiwa, husimamisha milioni 10 zote mpaka ankara isahihishwe. Kwa aliyekopa ili anunue mzigo huo, riba haisubiri.

Kwa hiyo ni busara kuandika ankara baada ya kupata hati ya mapokezi, si kabla, na kufuata uzito wa stoo ya mnunuzi. Kama uzito huo una mashaka, ubishi ufanyike pale pale kwenye mizani.

Hatari kubwa zaidi ni oda ya mdomo. Serikali ya Tanzania ilianza kutumia programu ya Epicor katika malipo yake mwaka 1998, lengo likiwa kudhibiti matumizi yasizidi fungu. Hata hivyo madeni ya wazabuni yaliendelea kurundikana, sababu mojawapo ikiwa ni oda zilizotolewa nje ya mfumo. Kompyuta haikuwa na habari nazo. Mzabuni aliyepeleka mzigo bila LPO ya mfumo alibaki na karatasi mkononi.

Je, mfanyabiashara naye anunue ya kwake? Mwenye duka moja na stoo moja hana haja. Daftari safi na mashine ya EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, zinamtosha. Mwenye kinu, stoo Shinyanga na Kahama, na wadaiwa wa kila kona, hapo hesabu inabadilika. Odoo ya Ubelgiji na ERPNext ya India zina matoleo yasiyolipiwa leseni. Gharama iko kwenye kufundisha watu, intaneti, umeme wa akiba, na hasa kuhesabu mali upya, maana leja yenye uongo ikiingizwa kwenye kompyuta hutoka na uongo ule ule, ila umechapwa vizuri.

Wakati wa kuanza nao una uzito. Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, iliwasha mifumo mipya Julai 1999, msimu wake mkubwa wa mauzo ukikaribia. Oda za takriban dola milioni 100 zilishindwa kuwafikia wateja ilhali bidhaa zimo ghalani, na wenye hisa wakaona bei ya hisa zao ikishuka.

Samuye, pamba na mpunga huanza kumiminika Mei na Juni. Anayetaka kubadili mfumo afanye hivyo Januari au Februari, wakati stoo ziko karibu tupu na magunia yanahesabika kwa siku mbili.