Ruta ya Houston, Kuta za Mbalizi

Desemba iliyopita nilitua Songwe na ruta mpya begini. Ruta ya aina hiyohiyo, kwangu Houston, inafika mpaka gereji. Nyumbani Mbalizi ilishindwa kufika chumbani kwa mama, kuta mbili tu kutoka sebuleni. Mdogo wangu alikuwa ameunganisha simu zote kwenye jina la waifai lililoishia na "5G", akidhani ndiyo ile 5G ya kampuni za simu. Kumbe ile 5 ni gigahezi. Nikaihamishia simu ya mama kwenye jina la pili, lisilo na mbwembwe, na video ya mjukuu wake ikacheza.

Kwa nini ruta moja ina majina mawili? Kiwango cha kwanza cha waifai, 802.11, kilitolewa na IEEE, chama cha wahandisi, mwaka 1997, kwa kasi isiyozidi megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 vikatoka viwili kwa mpigo: 802.11a, megabiti 54 kwenye gigahezi 5, na 802.11b, megabiti 11 kwenye gigahezi 2.4. Mwenye mbio alikuwa a, lakini b ndiye aliyeingia majumbani: bei nafuu, na mawimbi yanayofika mbali zaidi.

Alikuwepo na mshindani wa nje, HomeRF, aliyeundwa 1998 kwa ajili ya nyumba hasa, abebe data na sauti ya simu kwa pamoja. Alianza na megabiti 1.6. Alipofika 10, mwaka 2001, waifai ilikwishatapakaa. Hata Intel, aliyekuwa mmoja wa waasisi wake, akahamia huko, na Januari 2003 HomeRF ikavunjwa. Mwaka huohuo 802.11g ikaleta megabiti 54 kwenye 2.4 ileile bila kuvitupa vifaa vya b. Mwaka 2009, 802.11n ikakubali masafa yote mawili. Ndiyo maana majina ni mawili hadi leo.

Sasa rudi kwenye kuta. Kwangu vyumba vimetengwa kwa mbao na jasi. Gigahezi 5 inapenya bila shida. Mbalizi ni tofali za kuchoma, na masafa yakipanda, ukuta unayameza zaidi. Udhaifu wa 2.4 ni msongamano: ruta za majirani, bluetooth, hata oveni ya maikrowevu. Mtaani kwetu ruta bado ni za kuhesabu.

Kwa hiyo, kabla hujabeba boksi lililoandikwa Wi-Fi 6, uliza nyumba imejengwa kwa nini, na laini inaleta kasi gani. Ikileta megabiti 15, ruta haitazifanya 16.

Ruta tumeihamishia koridoni. Mdogo wangu amebadilisha majina: moja linaitwa Sebuleni, la pili Chumbani kwa Mama.